Msichana Aliyesafiri Akiwa Ameketi

Nyumbani walimwita Msafiri, ingawa kabla ya kwenda chuo kikuu alikuwa hajawahi kulala nje ya mji wao hata mara moja. Jina lilitokana na tabia yake. Ungezungumza naye vizuri tu, kisha macho yake yangetulia mahali pamoja. Uso ungelainika. Maneno yangekatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Baada ya muda mfupi angerudi na kuuliza, "Ulikuwa unasemaje?"

"Amesafiri huyo," mama yake aliwaambia wateja, mguu ukiwa juu ya cherehani. "Mwacheni, atarudi. Hakwenda mbali, viatu vyake si hivi hapa?"

Wateja walicheka. Msafiri naye alicheka, maana hakuona ubaya. Mama alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka lake. Msafiri alikulia humo, katikati ya vitambaa na mabaki ya nyuzi. Safari zake zilianza humo pia, alipokuwa anakaribia kumaliza sekondari. Kila mtu aliona ni jambo la kawaida. Huyu ni mtu wa mawazo, walisema. Kichwa chake kina mambo mengi.

Kweli kilikuwa na mambo mengi. Alichora. Alichora milango, ngazi, na madirisha yanayoingiza jua la asubuhi. Alipopata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo, mama alifunga duka kutwa nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa jino.

Chuoni alipangiwa chumba kimoja na mwanafunzi wa ualimu, msichana mrefu ambaye miguu yake ilitokeza nje ya kitanda. Wenzake walimwita Twiga, na mwenyewe aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Twiga alikuwa mtu wa kusema. Alisema akichana nywele, akapiga mswaki akisema. Msafiri alipenda kumsikiliza. Asubuhi mwanga uliingia chumbani mwao ukiwa laini, ukapita juu ya vitabu na ndoo na nguo zilizoanikwa dirishani, na sauti ya Twiga ilikwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja.

Na mara nyingine, katikati ya sauti ile, Msafiri alisafiri.

Safari zenyewe zilikuwa tamu. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kwanza joto lilipanda kutoka tumboni, taratibu, kama maji yanavyopanda ndooni. Kisha ilikuja harufu, kama ya vumbi lililonyeshewa, hata kama mbingu ni nyeupe. Halafu kila kitu kilionekana kama alishakiona: dirisha lile lile, mtu yule yule, amesimama vile vile. Alihisi yuko karibu kabisa kukumbuka jambo kubwa, jambo zuri, lililokuwa likimsubiri nyuma ya pazia jembamba. Sauti za watu zilienda mbali. Kabla hajalishika pazia, alikuwa amesharudi. Watu walikuwa wamehama mahali walipokuwa, na yeye alikuwa na usingizi mzito machoni.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Aliamini michoro yake inatoka huko.

Mwaka wa pili ulipoanza, safari ziliongezeka. Mazoezi yalikuwa mengi, na wanafunzi wa usanifu walilala kidogo. Siku moja mchana walikuwa karakana, kila mtu na meza yake, wakikata kadibodi kutengeneza mifano midogo ya nyumba. Kisu cha karatasi kilikuwa mkononi mwa Msafiri. Alikuwa anakata ukuta wa sebule. Kisha mwanafunzi wa meza ya jirani akasema, "Wewe, unajikata."

Msafiri akatazama chini. Ukuta wa sebule ulikuwa mwekundu. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimepasuka, na damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Hakuhisi maumivu. Maumivu yalikuja baadaye kidogo, kana kwamba nayo yalichelewa basi.

Mhadhiri wao, mwanaume mpole mwenye chaki kwenye mikono ya shati, alimfunga kitambaa. "Nenda kituo cha afya cha wanafunzi," alisema. "Sasa hivi, na usiende peke yako."

Mwanafunzi wa meza ya jirani alimpigia simu Twiga, naye akaja mbio.

"Twende," alisema.

"Si tungenunua dawa ya kidonda tu dukani?" Msafiri alisema. "Huko kituoni wanatoa vidonge vya maumivu kwa kila kitu. Na wanasema ukisema jambo, kesho linajulikana ofisi nzima."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Hao watu wamewahi kwenda?" Twiga aliuliza. "Mimi miwani yangu niliipata kupitia huko. Macho walinipima hao hao. Matibabu tumeshayalipia ndani ya ada, halafu unataka ukafungiwe kidonda na muuza sabuni. Tembea."

Kituo kilikuwa nyuma ya maktaba, jengo la chini lenye miti michache na benchi refu kivulini. Msafiri alikuwa amelipita mara nyingi bila kuliona. Mapokezi waliomba kadi yake ya mwanafunzi, wakamwuliza tatizo kwa sauti ya chini, wakampa kiti. Hakuna aliyemkodolea macho. Mvulana mmoja alikuwa anasubiri kupimwa malaria. Wasichana wawili walikuwa wamekuja kuzungumza mambo ya uzazi wa mpango. Feni ilizunguka polepole, na kivuli chake kilizunguka ukutani.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo mwenye saa iliyobanwa kifuani. Aliosha kidonda, akakishona, akakifunga. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Kisu kiliteleza vipi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Ulikuwa unazungumza na mtu?"

"Hapana. Nilikuwa nakata. Kisha nikaona damu." Msafiri akatabasamu kidogo, kwa mazoea ya nyumbani. "Nadhani nilisafiri."

Muuguzi hakucheka, wala hakukunja uso. Alivuta kiti akaketi. "Niambie kuhusu hiyo safari," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Msafiri alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakafunguka. Alieleza joto la tumboni, harufu ya vumbi, na pazia. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukikubali, ningependa kumwita rafiki yako," alisema. "Mtu aliyekuona anaweza kutusaidia. Usipokubali, atakaa nje, na hakuna ubaya."

Msafiri alikubali. Twiga aliingia, akaegemea mlango.

"Mwenzako anapopotea, wewe unaona nini?" muuguzi alimwuliza.

"Anatafuna," Twiga alisema.

"Natafuna nini?" Msafiri aliuliza.

"Hewa. Huna kitu mdomoni, lakini unatafuna taratibu, kama mbuzi aliyeshiba. Na mkono wa kulia unashikashika kifungo cha nguo. Nikikuita huitiki. Ikiisha unakuwa kama mtu aliyeamshwa. Juzi uliniuliza hapa ni wapi."

Msafiri aligusa midomo yake kwa vidole. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," Twiga alisema, na sauti yake ikapungua. "Mdomo ni wako."

Muuguzi alimwita daktari wa kituo. Alikuwa kijana, alizungumza wazi bila maneno magumu.

"Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo," alisema. "Mara nyingine umeme huo huchafuka katika sehemu moja ya ubongo kwa muda mfupi. Sehemu hiyo ikiwa ni ile ya kumbukumbu na harufu, mtu huhisi mambo kama uliyoyaeleza. Huhisi joto tumboni. Huona kama jambo lilishatokea. Kisha hapati tena habari za dunia mpaka umeme utulie. Leo siwezi kusema kwa hakika. Inabidi upimwe hospitali. Lakini yanafanana na aina moja ya kifafa."

"Mimi sianguki, daktari," Msafiri alisema haraka. "Mwenye kifafa huanguka, akatoka povu."

"Hiyo ni aina mojawapo. Aina nyingine haimwangushi mtu. Inamchukua tu, kisha inamrudisha. Watu wengi wanaishi nayo miaka na miaka, wakidhani ni mawazo."

"Na inaambukiza?" Twiga aliuliza. Alikuwa ameuliza kwa niaba ya rafiki yake, maana alimwona amekauka.

"Haiambukizi. Si kwa mate, si kwa kulala chumba kimoja, si kwa chochote. Na ina dawa. Wengi wakitumia dawa ipasavyo, matukio hayo hupungua au huisha kabisa."

Daktari alimwandikia rufaa ya kwenda hospitali. Muuguzi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Mpaka upimwe, kuwa mwangalifu," alisema. "Usipande mahali pa juu. Usiogelee. Usikae peke yako na moto au kisu. Ukihisi lile joto linaanza, keti chini hapo hapo ulipo, hata kama ni aibu. Aibu haina mfupa wa kuvunjika."

"Mtamwambia mhadhiri wangu?"

"Hapana. Wewe ni mtu mzima. Unachosema humu hakiendi kwa mhadhiri wala kwa wazazi mpaka wewe mwenyewe useme kiende. Tungevunja siri hiyo tu kama maisha ya mtu yangekuwa hatarini, na hata hapo tungezungumza na wewe kwanza. Umesikia?"

Msafiri alisikia. Lakini jioni hiyo aliitia rufaa ndani ya mkoba, chini ya rula na penseli, na siku zikapita. Alimpigia mama simu. Mlio wa cherehani ulisikika nyuma ya sauti ya mama, kisha ukanyamaza.

"Kifafa?" mama alisema. "Nani kasema?"

"Daktari wa chuo. Hajasema ndicho. Anataka nikapimwe."

Mtu fulani dukani aliuliza kuhusu vifungo, na mama akamwambia asubiri.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa mawazo," alisema mwishowe. "Tangu lini kuwaza kukawa ugonjwa? Jina kama hilo likishakubandika, halibanduki. Watu wataanza kukuhesabia hatua. Lala vizuri, kunywa maji, utakuwa sawa."

Msafiri alitaka sana kumwamini. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mama wala Twiga. Aliogopa dawa. Kama dawa ingelifunga lile pazia, je, milango na madirisha ya michoro yake ingetoka wapi? Aliketi kitandani akitazama kiganja chake chenye mshono, na moyo wake ulikuwa na watu wawili ndani yake, mmoja akisema nenda, mwingine akisema kaa.

Wiki iliyofuata darasa lao lilipelekwa kuona jengo linalojengwa katikati ya mji. Lilikuwa refu, bado halina kuta, limesimama kama kabati lisilo na milango. Upepo ulipita ndani yake huku na huku. Wanafunzi walipewa kofia ngumu za njano, wakapanga mstari chini ya ngazi ya chuma iliyoegemezwa kwenye jukwaa la mafundi. Msimamizi wa ujenzi alipanda mbele. Wanafunzi wakamfuata mmoja mmoja, wakicheka.

Msafiri alikuwa amengojea siku hii tangu mwaka wa kwanza. Alikaribia ngazi. Mbele yake walibaki watu wachache. Jua liligonga chuma, na chuma kikang'aa kama maji. Ilikuwa asubuhi nzuri, kavu, hakuna wingu. Akanusa vumbi lililonyeshewa.

Joto likaanza kupanda.

Alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuamua, nyembamba kama ufa wa mlango. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Nyuma yake mtu alisema, "Panda basi." Naye alikumbuka sauti ya muuguzi, isiyo na haraka: keti chini hapo hapo ulipo. Akaiachia ngazi. Akatoka kwenye mstari, akaenda hatua chache, akaketi juu ya matofali.

Kisha jengo likawa jengo alilolijua zamani. Kila nguzo ilikuwa mahali pake. Upepo ukavuta pazia. Sauti zikaenda mbali, mbali sana, kama watoto wanaocheza mtaa wa pili.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona ni mkono. Ulikuwa unashikashika kifungo cha shati, ukikizungusha, ukikiacha, ukikirudia. Aliutazama kwa mshangao mpole. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mkono ule ni wake. Kisha ukatulia.

Alinyanyua macho. Juu kabisa, kwenye jukwaa, kofia za njano zilikuwa zimepangika pembeni, ndogo kama punje za mahindi. Alizitazama kwa muda mrefu. Aliitazama pia ngazi ile ya chuma, kutoka chini hadi juu. Hapo ndipo utamu wote wa safari ulipomtoka.

Mhadhiri alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Unaumwa?" aliuliza.

"Ndiyo," Msafiri alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kukiri kwamba anaumwa. "Naomba nirudi chuoni. Nataka kwenda kituo cha afya."

Mhadhiri alimtafutia gari na mtu wa kwenda naye. Kituoni muuguzi hakumwuliza kwa nini alichelewa. Alimpa maji, akamsikiliza, akapiga simu hospitali kupanga siku ya kupimwa.

"Ulijua kuketi," alisema. "Umefanya vizuri."

"Sitaki kwenda peke yangu," Msafiri alisema. "Nataka mama aje. Lakini mama hataki kusikia."

"Ungependa mimi nizungumze naye?"

"Ndiyo. Mwambie yote."

Mama alifika na basi la asubuhi, kitambaa kipya kichwani, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Msafiri alimwamkia, naye akaitikia huku akimpapasa mabega, kana kwamba anampima gauni. Waliketi chumbani kwa muuguzi. Muuguzi hakuanza na ugonjwa. Aliuliza safari ilikuwaje, akauliza kazi ya mama.

"Nashona," mama alisema. "Na nimekuja kukwambia kwamba huyu hana kifafa. Katika ukoo wetu hakuna. Na hakuna mtu tuliyemkosea hata atufanyie jambo."

"Siyo jambo la kufanyiwa na mtu, mama. Si laana, wala si kosa la mzazi. Mara nyingi hata sababu haijulikani. Ni ugonjwa wa ubongo, kama pumu ilivyo ugonjwa wa kifua." Akamweleza habari za umeme mdogo mdogo. Akamweleza jinsi binti anavyobaki ameketi, macho wazi, huku sehemu ya ubongo imekatika.

Mama alisikiliza, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la kanga. Taratibu uso wake ulibadilika.

"Ngoja," alisema. "Cherehani yangu ina siku zake. Sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinakwenda, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini uzi haushiki. Ukigeuza nguo unaona imeruka mishono. Ni hivyo?"

"Ni hivyo hasa," muuguzi alisema. "Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri namna hiyo."

"Na cherehani ikiruka mishono huitupi," mama alisema, kama anazungumza na nafsi yake. "Wala huibadilishi jina. Unaipeleka kwa fundi." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ataweza kusoma? Ataolewa huyu? Atazaa?"

"Atasoma. Akitaka kuolewa ataolewa, na wanawake wenye hali hii wanazaa watoto wazima. Ila dawa nyingine hazifai kwa mimba, na nyingine hugongana na za uzazi wa mpango. Kwa hiyo akitaka mtoto, au akitaka kuchelewesha mtoto, aje kwanza tuzungumze. Asiache dawa kimyakimya."

Msafiri aliona haya kuzungumziwa hivyo mbele ya mama yake, akatazama dirisha. Mama alimshika mkono wenye kovu, hakuuachia hadi walipotoka.

Hospitali walimbandika nyaya ndogo kichwani. Hazikuuma. Alilala kwenye kitanda chembamba, taa imepunguzwa, mashine ikichora mistari inayopanda na kushuka kama vilima vya mbali. Alisinzia. Mama alikaa pembeni, akiitazama mistari ile kama mtu anayekagua mshono. Siku nyingine alipigwa picha ya ubongo. Daktari wa hospitali aliyasoma yote, akaunganisha na maelezo ya Msafiri na ya Twiga, akasema ni kifafa cha aina ile aliyoitaja daktari wa chuo. Akampa dawa ya kumeza kila siku, asubuhi na jioni, kwa kiasi kidogo kwanza.

Mwanzo haukuwa rahisi. Dawa ilimpa usingizi na kizunguzungu. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Siku moja alikisogeza kidonge karibu na mdomo, akakirudisha. Twiga, aliyekuwa anapiga pasi, alimwona.

"Usiache hivi hivi," alisema. "Nenda ukawaambie. Kama dawa inakusumbua, wao ndio wa kuambiwa, si mimi na pasi yangu."

Alikwenda. Muuguzi alimshukuru kwa kuja. "Kuacha dawa ghafla ni hatari," alisema. "Kunaweza kuleta tukio kubwa kuliko yote uliyowahi kupata. Tutazungumza na hospitali wakurekebishie." Kipimo kilibadilishwa, na mwili wake ukazoea kidogo kidogo. Alijifunza pia kulala mapema, maana kukosa usingizi kuliziita safari. Pombe alikuwa hanywi, na aliambiwa aendelee hivyo hivyo.

Twiga naye alifundishwa. Muuguzi alimwonyesha, akimfanya Msafiri kuwa mgonjwa wa mazoezi.

"Akipotea, usimshike kwa nguvu, usimpigie kelele. Ondoa vitu vyenye makali. Akitembea, mwongoze taratibu asiende kwenye hatari. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si maji. Kaa naye mpaka arudi sawasawa. Akianguka na kutetemeka, weka kitu laini chini ya kichwa, na ikiisha mlaze ubavu. Ikizidi dakika tano, au ikirudia kabla hajazinduka, tupigie simu."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa, lakini kaa hapo hapo."

Kwa ridhaa ya Msafiri, kituo kiliandika barua fupi kwa idara yake. Haikusema zaidi ya ilivyohitajika. Karakana akapewa meza karibu na mwenzake, asikate kadibodi peke yake. Kwenye mtihani aliongezewa muda. Mhadhiri hakumtazama tofauti. Alimkosoa vile vile, ngazi zako zina mteremko mkali, wazee watakulaani.

Safari zilipungua. Ilikuja moja fupi, halafu zikapita wiki nyingi bila nyingine, halafu hazikuja. Na Msafiri, ambaye alipaswa kufurahi, alijikuta na huzuni. Asubuhi mwanga uliingia chumbani ukiwa mwanga tu. Alingoja joto tumboni, halikuja. Alihisi kama mtu aliyehamishwa kutoka nyumba yenye bustani.

Muuguzi alimpeleka kwa mshauri nasaha wa kituo, mwanaume mnene mwenye chumba chenye viti viwili na dirisha. Msafiri alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nazikosa," alisema. "Najua zingeniua. Lakini nazikosa. Na naogopa sitachora tena."

Mshauri hakumwambia aache ujinga. "Umechora chochote tangu uanze dawa?"

"Hapana. Naogopa kujaribu."

"Sijui kitakachotoka," mshauri alisema. "Ningekudanganya nikisema najua. Unaonaje uchore kibaya kwa makusudi, uniletee?"

Alicheka. Alichora kibanda kibaya, akakipeleka. Akachora kingine. Wakazungumza, juma baada ya juma, mambo ya michoro na mambo ya mama na mambo ya hofu. Na siku moja, akiwa ameketi kwenye benchi nje ya kituo, aliona jinsi kivuli cha majani kilivyopita ukutani, kikakatwa na dirisha, kikaendelea upande wa pili. Alitoa penseli. Alichora mpaka mkono ukachoka, na wakati wote ule alijua yuko wapi, ni saa ngapi, na ni nani aliyepita akamsalimu. Dirisha alilolichora siku hiyo lilikuwa bora kuliko yote ya nyuma. Halikutoka nyuma ya pazia. Lilitoka ukutani pale, kwa kutazama.

Likizo ndefu ilipofika alirudi nyumbani. Dawa zake zilikuwa kwenye mkoba mdogo, na za akiba alikuwa amepewa kituoni ili zisikatike. Mchana mmoja mvua ilinyesha, wateja hawakuja. Mama alikuwa anapindisha mapazia ya mtu, na Msafiri alikaa chini akitoa nyuzi. Chumba kilikuwa na giza la bluu. Maji yalitiririka kutoka kwenye mabati, na mama, bila kuombwa, akaanza kusimulia jinsi alivyokutana na baba.

Baba wakati huo alikuwa kijana, fundi wa majokofu. Alimletea mama suruali ya kupunguza. Mama, aliyekuwa bado anajifunza, akaukata mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Baba akaivaa hivyo hivyo, akamshukuru, akaondoka. Juma lililofuata akarudi na shati lililofumuka bega. Juma jingine, koti. Kila mara mama alishona, kila mara mshono mwingine ukaachia, mpaka akaanza kuona haya kwa kazi yake. Kisha siku moja akachungulia dirishani, akamwona yule kijana amesimama nyuma ya duka, akifumua mfuko wa suruali yake kwa wembe, taratibu, asiharibu kitambaa.

"Nikamwambia, kaka, nguo zitakuishia," mama alisema. "Akasema, zikiisha nitakuja bila sababu."

Msafiri alicheka mpaka akainama. Mama aliendelea kushona.

"Unacheka kama hujawahi kuisikia," alisema. "Hii nilianza kukusimulia ulipokuwa unamaliza sekondari. Nimeisema humu ndani mara nyingi."

"Nilijua habari ya suruali," Msafiri alisema. "Na harusi nilijua. Hapo katikati sikuwahi kufika."

Mguu wa mama ukasimama juu ya cherehani. Alimtazama binti yake, macho kwa macho, muda mrefu, na macho ya binti yalikuwa pale pale, yakimtazama yeye.

"Basi sogea karibu," mama alisema. "Bado haijaisha."